Motokari ya Okazyo na Baridi ya Wengine

Ilikuwa saa kumi ya mchana kwetu Butembo, jua limeanza kulegea, nami nimekaa kwenye parsela na shati jepesi. Mukubwa wangu akapiga WhatsApp ya video kutoka Edmonton, Kanada. Kule ilikuwa saa moja ya asubuhi, giza bado. Ndevu zake zilikuwa zimeganda nyeupe sawa za mzee. "Mudogo wangu, motokari imekataa kuwaka. Leo iko 35 chini ya ziro." Nikacheka. Kisha nikanyamaza, juu akikosa zamu ya kiwandani wanamkata, na minerval ya wadogo zetu wawili inatoka kwenye zamu zile zile.

Motokari yenyewe ni Toyota Prius ya 2007, na yeye ni mtu wa nne kuimiliki. Sasa angalia vile mambo yanakutana: wiki ile ile sisi wanne, wahitimu wa promosyo moja, wote bila kazi, tulikuwa tunahesabu pesa ya likirimba ili tununue ndugu yake. Prius ya okazyo, imeingia kupitia Kasindi, tuifanye taksi ya Butembo–Beni. Muuzaji alikuwa na neno moja tu: "Hii inakula esansi kidogo." Kwa mtu anayenunua esansi kwa makadhafi pembeni ya barabara, neno hilo linatosha kumsahaulisha maswali mengine yote.

Mimi nilisoma historia, sikusoma mekanika. Nikaanza kuuliza kwa njia ninayoijua: hiki kitu kimetoka wapi, na kimefikaje hapa?

Wengi tunadhani motokari ya esansi na umeme pamoja ni jambo la jana. Hapana. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, kijana wa miaka kama 25 aliyefanya kazi kwa Lohner kule Vienna, alitengeneza motokari yenye mota za umeme ndani ya magurudumu na injini za esansi za kuzalisha umeme huo. Aliiita Semper Vivus, Kilatini cha "hai daima". Ilikuwa nzito, ilikuwa ghali, na esansi ikawa rahisi duniani. Wazo likalala karibu karne nzima. Toyota waliliamsha Desemba 1997 walipoanza kuuza Prius Japani, na nchi nyingine zikaipata kuanzia 2000. Ya mukubwa wangu, na ile tuliyokuwa tunaitamani, ni ya kizazi cha pili, kilichotoka 2003.

Nyuma ya kiti cha nyuma kuna batri kubwa ya nikeli: seli 168, volti 201.6. Watu wa kwetu wakisikia "motokari ya kura" wanauliza mara moja itachajiwa wapi, na wana haki ya kuuliza, mji wetu umekua miaka na miaka kwa kelele ya magrupu. Lakini hii haiingizwi kwenye plagi. Inajichaji yenyewe injini ikizunguka, na tena shofere akikanyaga freni. Kwenye milima yetu, kila mteremko ungekuwa unarudisha kitu. Kuna pia batri ndogo ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuamsha ordinateri. Demarere ya kawaida haiko. Mota ya umeme, ikinywa kutoka batri kubwa, ndiyo inayozungusha injini mpaka iwake. Hapo ndipo baridi inapata mlango.

Batri ni kemia, na kemia ikipata baridi inatembea polepole. Kwa 35 chini ya ziro, batri iliyozeeka inatoa nguvu kidogo sana, na ordinateri inajizuia kuitumia. Batri ndogo nayo ikiwa imechoka, hakuna kinachoamka kabisa. Na hata ikiwaka, ile sifa ya kula kidogo inapungua: injini haitaki kuzima kwenye taa nyekundu, kwa sababu watu ndani wanataka joto, na joto linatoka kwenye injini. Mafundi wa Toyota walilijua jambo hili. Prius za kizazi kile zilizouzwa Amerika ya Kaskazini ziliwekewa termosi. Nasema termosi ya kweli, sawa ile mama anamiminia chai, ya lita kama 3, inayohifadhi maji ya moto ya injini hadi siku tatu ili asubuhi injini isiamke na ubaridi wote. Mukubwa wangu ameendesha motokari ile miaka miwili bila kujua kwamba anabeba termosi. Kinachosaidia wengi kule ni kitu rahisi zaidi: waya unaotoka puani mwa motokari hadi kwenye plagi ya ukuta, unapasha injini usiku kucha. Ukiona parkingi ya Edmonton wakati wa baridi, utasema ni mbuzi wamefungwa kamba.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana baridi ya wengine ilishatuletea motokari kabla ya hii.

Usiku wa kuamkia 18 Julai 1975, baridi kali ilipiga jimbo la Paraná, Brazil. Karibu mikahawa yote ya jimbo lile ikaungua kwa baridi. Brazil ndiyo ilikuwa mzalishaji mkubwa wa dunia. Bei ikaanza kupanda, na Aprili 1977 ratili moja ya kahawa kule New York ilikuwa imepita dola 3. Nani alikuwa na kahawa? Beni na Lubero walikuwa nayo. Lakini Zaire ya Mobutu ilimlipa mkulima kidogo, tena kwa noti zilizokuwa zinapoteza thamani kila mwezi. Na tangu zairianizasyo ya 30 Novemba 1973, bidhaa zilikuwa zinakosekana madukani. Basi magunia yakavuka mpaka kwa magendo kwenda Uganda na Kenya, na yaliyorudi ndiyo yale yaliyokosekana: kamyo, piesi, mabati, vitambaa.

Aliyeyachunguza haya kwa makini ni Vwakyanakazi Mukohya. Tezi yake juu ya wafanyabiashara Waafrika wa Butembo, kati ya 1960 na 1980, aliitoa mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Baadaye akaandika sura katika kitabu cha Janet MacGaffey cha 1991 juu ya uchumi wa kweli wa Zaire. Madison, kwa asiyejua, ni mji ambao maziwa yake yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Napenda kuwaza kwamba kurasa zile juu ya soko letu ziliandikwa na mtu aliyevaa makoti mawili.

Wazee wetu wanapenda kusema Butembo ilijengwa kwa sala na jasho. Siwapingi, jasho nimeliona. Lakini usiku ule mmoja wa Paraná nao ulifanya kazi yake, na hatuutaji. Wala hatumtaji mkulima wa mlimani aliyeshusha gunia kwa mgongo na kupata kidogo kuliko wote waliolishika nyuma yake.

Yaliyofuata mnayajua zaidi, nayapita haraka. Dhahabu ikaruhusiwa kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kahawa ya Beni ikapata ugonjwa wa kunyauka, kakao ikachukua nafasi. Wafanyabiashara wakaenda mbali zaidi, Dubai, halafu Asia. Na Japani ikawa ghala la motokari za Afrika Mashariki yote. Kenya haipokei motokari iliyopita miaka 8. Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa zilizopita 15. Simama dakika kumi tu kwenye rondi-pwe uone umri wa zile zinazotufikia. Usukani uko kulia na sisi tunatembea upande wa kulia, hata ukitaka kupita kamyo, abiria wa mbele ndiye anayechungulia na kukuambia "pita!" Maisha ya watu watano kwenye shingo ya mtu mmoja.

Na je, baridi? Butembo iko kwenye mita kama 1,700, karibu kabisa na ikweta. Jioni tunavaa koti, Lubero wanavaa mawili, basi. Baridi iliyozidi ya Edmonton ilitufikia wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ile iliyoua watu 2,287. Chanjo yake ilipaswa kukaa kati ya 60 na 80 chini ya ziro, ikabebwa kwenye vyombo vinavyoitwa Arktek, sawa madumu makubwa. Kwa hiyo kulikuwa na motokari kwenye barabara ya Beni ambazo mbele shofere anatoka jasho na nyuma kumebebwa baridi ambayo Edmonton yenyewe haiijui.

Kwa batri ya Prius, hali ya hewa yetu ni karibu ile ambayo ingejichagulia. Kinachoiua huku ni kitu kingine: vumbi. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu ambalo feni inavutia hewa ya kupoza batri. Barabara yetu ya udongo mwekundu inajaza tundu lile, na abiria wa taksi anaweka gunia la maharage mbele yake. Feni inaziba, batri inachemka, seli zinakufa moja moja. Mjapani aliyeichora alimfikiria mtu wa Kanada mpaka akamwekea termosi. Sisi hakutufikiria.

Kazi za kutia lami Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, zilizinduliwa na marais Museveni na Tshisekedi Juni 2021. Lakini barabara si lami peke yake. Tangu 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni, na kuna nyakati motokari zilipita njia ya Kasindi kwa msafara tu, wanajeshi mbele na nyuma. Motokari ikizimika Edmonton, unachelewa kazini. Ikizimika katikati ya msafara ule, mimi sitaki hata kumaliza sentensi.

Tulirudi kwa muuzaji tukiwa na fundi wetu. Fundi hakufungua boneti. Aliomba kutoa kiti cha nyuma. Muuzaji akakataa, kisha akakubali, kisha akasimama karibu sana. Feni ilikuwa na vumbi nene sawa blanketi. Fundi akaomba saa moja ya kupanda mlima na watu watano ndani. Hapo muuzaji akasema kuna mteja mwingine anamsubiri.

Wawili kati yetu walitaka tununue vilevile, tusafishe feni, tumwachie Mungu. Tulibishana mpaka usiku. Pesa bado iko kwa mweka-hazina, na ndugu mmoja wa kikundi hajanisemesha wiki ya pili sasa.

Mukubwa wangu yeye aliwashwa na jirani kwa kebo, akafika kazini na dakika arobaini za kuchelewa. Walimkata, si sana. Jioni ile alinunua waya. Jana amenipigia: "Na ile yenu?" Nikamwambia iko palepale, imeoshwa vizuri, na muuzaji anasema imetoka Japani juzi.