Nani Alikupa Hilo Jina la Pasta?

Tembea mtaani kwenu leo, uangalie nguzo za stima. Lazima utapata bango la kesha, na kwenye bango kuna mtu amevaa suti, na mbele ya jina lake kuna vyeo vitatu: Nabii, Mtume, Daktari. Watu hata hawaulizi. Akisema yeye ni pasta, basi ni pasta. Ukithubutu kuuliza nani alimfanya pasta, utaambiwa aliitwa na Mungu, na mjadala unaishia hapo, kwa sababu nani atapiga simu mbinguni kuthibitisha?

Halafu kuna wale husema hivyo ndivyo Waafrika tulivyo, eti mambo ya kuwekewa mikono, kusoma theolojia na kungoja askofu ni ya wazungu. Mimi nakataa. Na ushahidi wangu uko Murang'a, mahali panaitwa Gituamba.

Turudi 1929. Misheni kadhaa huko Ukikuyuni, zikiwemo Church of Scotland Mission na Africa Inland Mission, ziliwataka waumini waahidi kuachana na tohara ya wasichana. Ukikubali, unaweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi. Ndiyo maana waliokubali waliitwa kirore, neno lililotokana na "kidole". Ukikataa, unatengwa na kanisa. Sasa, kabla mtu anirukie: kuhusu ukeketaji wenyewe misheni walikuwa sawa, na tangu 2011 tuna sheria yetu wenyewe inayoukataza. Mimi nataka tuangalie kile waliofungiwa mlango walifanya baadaye.

Walitoka kwa maelfu. Wakachanga pesa, wakajenga shule zao. Wakaunda vyama viwili vikubwa, KISA na Karing'a. Shule unaweza kujenga mwenyewe, kanisa pia unaweza kujenga. Lakini mtoto akizaliwa, nani atambatiza? Nani atafungisha ndoa? Mzee akifa, nani atasimama pale kaburini? Walikuwa na walimu, wazee, waimbaji, na mashamba ya kujengea. Pasta hawakuwa naye hata mmoja.

Hapa ndipo hii story inanishika. Njia rahisi ilikuwa iko wazi kabisa: chagua mzee mmoja anayejua Biblia, mvalishe kanzu, muite mchungaji, maisha yaendelee. Tena walikuwa na kila sababu ya kuwachukia maaskofu na mikono yao. (Akorino, waliozuka miaka hiyo hiyo, walichagua kuongozwa na Roho moja kwa moja, na wako nasi mpaka leo. Hao wana story yao.) Watu wa KISA hawakufanya hivyo. Kwanza walienda kwa Waanglikana kuomba watu wao wafunzwe. Mazungumzo yakakwama.

Na si kwamba mlango wa Waanglikana ulikuwa na historia ya kufunguka haraka. Muulize William Jones wa Rabai. Huyu alikuwa Myao, alitekwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa na kusomeshwa India. Mwaka 1885 alifanywa shemasi, ile ngazi ya kwanza, na Askofu Hannington. Mwaka huo huo akasafiri naye kuelekea Uganda. Hannington aliposonga mbele akauawa Busoga, Jones ndiye aliyeongoza msafara uliobaki mpaka ukarudi Pwani. Kwa miguu, bana. Kupewa ukasisi kamili, alingoja mpaka 1895. Miaka 10.

Kwa hivyo KISA wakatafuta mlango mwingine. Kule Mombasa kulikuwa na James Beuttah, mtu wa siasa, na alikuwa amekutana na askofu mweusi aliyekuwa akipita bandarini akitoka Uganda. Jina lake Daniel William Alexander, kutoka Afrika Kusini. Yeye mwenyewe aliwekewa mikono Boston mwaka 1927 na George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua, aliyewahi kuwa kasisi wa chama cha Marcus Garvey na ambaye alianzisha African Orthodox Church mwaka 1921. Alexander alijua habari za kanisa hilo kupitia gazeti la Garvey. Yaani mnyororo wa mikono ya watu weusi kutoka Marekani mpaka Afrika Kusini, na sasa unavutwa mpaka Murang'a, bila intaneti, kwa barua na meli.

Alifika Novemba 1935. Hakuja kubatiza na kuondoka tu. Alifungua seminari Gituamba, na wanafunzi 8 wakakaa darasani zaidi ya mwaka mzima. Mmoja wao, Arthur Gathuna, alitoka upande wa Karing'a. Mwaka 1937, kabla Alexander arudi kwao, aliwawekea mikono baadhi yao, Gathuna akiwemo.

Haikuwa hadithi tamu mpaka mwisho. Walipopata wachungaji wakagawanyika: upande wa KISA ukaenda na kanisa tunalolijua leo kama AIPCA, na Gathuna akabaki na Orthodoksi. Halafu Reuben Spartas wa Uganda, ambaye Alexander alimwekea mikono mwaka 1932, akagundua kwamba Waorthodoksi wenyewe hawautambui ule mnyororo wa McGuire. Wangeweza kunyamaza. Badala yake walimwandikia Patriaki wa Alexandria, kule Misri, na mwaka 1946 akawapokea. Yaani walikagua karatasi za askofu wao wenyewe! Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ikafunga makanisa na shule zao, na bado hawakupotea. Seminari ya Waorthodoksi iko Riruta, hapa Nairobi. Wengi wenu mmeipita na matatu.

Gathuna alifanywa askofu mwaka 1973, na mwaka 1979 Alexandria ikamvua cheo baada ya mvutano mrefu. Baada ya kufa kwake akarudishiwa heshima. Kama walimwonea au la, tunaweza kubishana usiku kucha. Lakini angalia: kulikuwa na mtu wa kumvua.

Sasa linganisha na Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi. Paul Mackenzie alikana mashtaka, hiyo ni kazi ya korti. Ila kanisa alilianzisha yeye mwenyewe. Juu yake hakukuwa na mtu wa kumwambia weka chini Biblia, toka mimbarini.

Lakini sitaki mniskie vibaya. Mlango pia unaweza kuwa wa kuonea. Wanafunzi wote 8 wa Gituamba walikuwa wanaume. Ilibidi tungoje mpaka miaka ya 1980 ndipo Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini ampe Lucia Okuthe ukasisi, na Nyambura Njoroge akawekewa mikono PCEA mwaka 1982. Rose Okeno alikuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Hiyo miaka yote, wito wao haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa walioshika funguo.

Ndiyo maana tangu Shakahola, nikiskia watu wakisema dawa ni kila pasta awe na diploma, siridhiki. Diploma inanunuliwa River Road, na msomi pia anaweza kula sadaka. Kuna mama anaongoza kanisa la mabati mtaani, aliachia shule darasa la nane. Ndiye anazika watu wasio na mtu na anatembelea wagonjwa kwa miguu. Ukimlazimisha karo ya chuo, utamfukuza yeye na umbakishe yule wa suti mwenye pesa. Huyo mama mimi namwita pasta. Waumini wanajua kwao, kitabu cha sadaka kinashikwa na wazee, na akikosea Jumapili kuna watu wa kumsimamisha Jumatatu.