Songea: Msamaha wa Mjerumani na utani wa Mhehe

Kila Februari 27 Songea hukumbuka walionyongwa. Machifu waliovaa ngozi hupita mbele ya kaburi la pamoja kwenye Makumbusho ya Majimaji, ngoma za Kingoni hulia, na viongozi wa serikali huweka silaha za jadi na mashada. Kwa miaka mingi hotuba zilihusu ushujaa, umoja na amani. Siku hizi Mjerumani naye hatajwi tena kama mnyongaji tu. Anatajwa pia kama mgeni aliyekuja kuomba radhi.

Mgeni huyo ni Rais Frank-Walter Steinmeier, aliyefika Songea Novemba 1, 2023. Alikutana na ukoo wa Songea Mbano, mmoja wa viongozi walionyongwa, akasema anaona aibu kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu zao, kisha akaomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Songea, ila akatahadharisha kwamba huenda lisipatikane. Wanamibia waliombwa radhi na waziri wa Ujerumani mwaka 2004, miaka 100 baada ya maangamizi ya Waherero. Sisi tulitimiza miaka 100 ya Majimaji mwaka uliofuata, na hakuna aliyekuja na neno kama hilo.

Vita ya Majimaji yenyewe inajulikana. Ilianza Umatumbi Julai 1905 kwa hasira ya mashamba ya pamba ya lazima, ikaenea kusini pamoja na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile, ikazimwa kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula. Wajerumani walikiri kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Wanahistoria waliokuja baadaye wamefikisha hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Lakini Songea husimulia zaidi siku chache za mwaka 1906. Februari 27 walinyongwa watu zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Songea Mbano hakunyongwa siku hiyo. Simulizi ya wenyeji ni kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai kwa sababu alisikilizwa na watu wengi, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Ukoo wake unaamini alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa hicho kilipelekwa Ujerumani.

Hapa kuna jambo ambalo Wangoni huulizana wao kwa wao kuliko kumuuliza Mjerumani. Songea alikuwa nduna, kiongozi aliye chini ya nkosi. Nkosi, yaani chifu mkuu, alikuwa Mputa. Mbona mji, manispaa na sanamu vimebeba jina la nduna? Jibu moja ni la kiserikali tu: boma la Wajerumani lilijengwa karibu na himaya ya Songea, jina likashika. Jibu la pili ndilo wazee hulipenda zaidi, kwamba aliyeomba kufa hawezi kusahaulika kama aliyeuawa tu. Mimi naona boma lilifanya kazi kubwa kuliko tunavyokubali.

Wamisionari wa Kibenediktini nao walikuwa na wafu wao. Agosti 14, 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini, na mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa. Baada ya vita walirudi, wakajenga kanisa, shule na hospitali, na watoto wa walionyongwa wakakaa kwenye madawati yao. Hakuna aliyeandika hati ya maridhiano. Njaa iliwafikisha watu wengi mlangoni pa misheni kabla ya imani.

Kuna maridhiano mengine ambayo Wangoni walikuwa nayo kabla Mjerumani hajafika, na ni ajabu yanavyosahaulika kwenye hotuba. Kati ya 1878 na 1882 Wangoni walipigana na Wahehe, wakachoshana bila mshindi. Leo Mhehe na Mngoni ni watani. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya ambayo jirani angepigwa kwayo: ataigiza marehemu alivyokuwa akitembea, atalala kwenye njia ya jeneza mpaka alipwe, atawaambia wafiwa wanalilia mtu mvivu. Nao watacheka, machozi bado mashavuni. Mzungu aitwaye R. E. Moreau aliuchunguza utani huu wa makabila ya Tanganyika miaka ya 1940, na wazee wetu huwa hawasiti kusema kwamba mtani wa leo ni adui wa jana. Ndiyo maana matusi ya mtani hayalipwi kwa mkuki. Mkuki ulishatumika.

Mjerumani hawezi kuwa mtani, maana mtani lazima aje msibani. Yeye ana maabara na mabohari. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha matatu yana ndugu walio hai Tanzania, mojawapo la mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. La Songea halikuwemo katika yaliyotambuliwa. Februari 2017 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba serikali ingedai fidia. Tangu hapo fidia imezungumzwa kidogo kuliko fuvu, na ukiniuliza, fuvu limekuwa kisingizio kizuri cha kuahirisha hesabu.

Na wapo wengine wasiozungumzwa kabisa. Walioshika bunduki za Mjerumani mwaka 1905 wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na rugaruga, wapiganaji wasaidizi, wa makabila jirani. Wajukuu wao ni Watanzania wenzetu, na mwaliko wa Februari 27 unaweza kuwafikia bila kupitia Berlin.