Postinomu na Skima ya Saraka

Skima ya saraka ya kompyuta ni kanuni inayoamua taarifa zipi za mtu ziandikwe, na katika nafasi ipi. Kiwango cha X.500 cha mwaka 1988 kilidai jina la ukoo na jina la kutambulikia, postinomu hakikuijua. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na Wazaire wakalazimika kuacha majina ya Kikristo na kuchukua postinomu. Baada ya mwaka 1990 majina hayo yalirudi bila postinomu kuondoka. Ndiyo maana Lubumbashi mtu huandikwa majina matatu. Skima huruhusu kuongezwa nafasi. Isipoongezwa, postinomu hubandikwa popote, na mwanafunzi mmoja huonekana wawili. Aundaye skima hana budi kuijua historia hiyo.