Kwa nini polisi huogopa kumfichua mwenzake hata kwa siri

AFISA wa polisi anayeshuhudia mwenzake akipokea hongo, au akimpiga mshukiwa aliyefungwa pingu, kwa kawaida huwa na njia mbili za kutoa habari. Anaweza kuandika taarifa na kuitia sahihi, au kukijulisha kitengo cha nidhamu bila kutaja jina. Njia ya pili imekubaliwa na idara nyingi za polisi duniani. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba usalama wa mtoa taarifa hautegemei sana kufichwa kwa jina lake, bali hutegemea mikono ambamo taarifa hiyo inaangukia.

Raia anayepiga simu anaweza kujificha katika umati. Polisi hana umati. Zamu ya usiku katika kituo huwa na watu wachache, na gari la doria mara nyingi huwa na wawili tu. Taarifa ikieleza kilichotendeka ndani ya gari hilo, atakayeisoma hahitaji kuonyeshwa jina. Maelezo yakipunguzwa ili kumsitiri mwandishi, wapelelezi nao hukosa pa kuanzia.

Kisasi, aidha, si lazima kiwe cha kumwaga damu. Hutosha afisa kupewa zamu mbaya, kuhamishwa mbali na jamaa zake, au kuomba msaada kwa redio asijibiwe.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Frank Serpico, aliyejiunga na polisi wa jiji la New York, Marekani, mwaka 1959. Mwaka 1966 alikabidhiwa bahasha yenye dola 300 zilizotoka kwa mchezesha kamari. Kwa miaka kadhaa aliwaendea wakubwa wake, na hata maafisa wa serikali ya jiji, akiomba jambo hilo lishughulikiwe bila yeye kuanikwa. Halikushughulikiwa. Gazeti la New York Times lilipochapisha habari hizo Aprili 25, 1970, ndipo Meya John Lindsay alipounda tume chini ya wakili Whitman Knapp.

Februari 3, 1971, Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya mtaani Brooklyn. Aliyepiga simu ya kuomba msaada alikuwa mzee mkazi wa jengo hilo, si maafisa aliokuwa nao. Haijathibitishwa kamwe kwamba alitegwa. Alipotoa ushahidi mbele ya tume Desemba mwaka huo, alilalamikia hali ya polisi mwaminifu kumwogopa mla rushwa, badala ya mla rushwa kumwogopa yeye.

Tume ya Knapp iliwagawa wala rushwa katika makundi mawili: wala nyasi, wanaopokea kidogo kinachowajia, na wala nyama, wanaokwenda kuwinda. Lakini mageuzi yaliyohusu zaidi suala la siri yalitoka kwa kamishna wa wakati huo, Patrick Murphy. Alianzisha utaratibu wa kuwateua kwa siri maafisa wa kawaida, waliobaki katika vituo vyao huku wakipeleka habari moja kwa moja kwa kitengo cha uchunguzi wa ndani. Utaratibu huo ulikuwa na faida moja kubwa: hakuna aliyejua kama aliyeketi naye garini ni mmoja wao. Ulileta pia shaka baina ya watu wanaotakiwa kulindana maisha, na si ajabu wengi waliuchukia.

Miaka 20 baadaye utaratibu huo ulikuwa umedhoofika. Mei 1992, polisi wa kaunti jirani ya Suffolk walimkamata Michael Dowd, afisa wa New York aliyefanya biashara ya kokeni. Idara yake ilikuwa imepokea tuhuma dhidi yake kwa miaka. Sajini Joseph Trimboli alikuwa ameshikilia uchunguzi huo kwa muda mrefu, akawekewa vizingiti na wakubwa wake. Tume ya Milton Mollen, iliyotoa ripoti yake Julai 1994, iligundua kwamba kitengo cha ndani kiliziweka kando baadhi ya kesi nyeti, kwa hofu ya kuiaibisha idara. Kwa maneno mengine, habari zilikuwa zimefika, zikakaliwa.

Jijini London jaribio ni tofauti. Baada ya afisa wa polisi kumuua Sarah Everard mwaka 2021, imani ya umma ilianguka. Novemba 2022 ilizinduliwa simu ya kuripoti ufisadi na dhuluma za maafisa wa jiji hilo, ambayo haipokelewi na polisi bali na Crimestoppers, shirika la hisani. Mpigaji hatakiwi kutaja jina. Mwaka 2024 huduma hiyo ilipanuliwa kuhusisha vikosi vingine vya Uingereza.

Ni kweli pia kwamba barua isiyo na jina huweza kuwa silaha ya anayegombea cheo. Kwa sababu hiyo taarifa ya aina hii haifai kuchukuliwa kama ushahidi. Ni kianzio tu, na mtuhumiwa hastahili kuadhibiwa kabla ya jambo kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Nchini Kenya, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliunda Kitengo cha Masuala ya Ndani, kinachopokea malalamiko ya raia na ya maafisa wenyewe. Sheria inataka ofisi zake zitengwe na za polisi wengine, sharti ambalo anayehofia kuonekana akiingia mlangoni atalielewa. Hata hivyo, kitengo hicho kingali sehemu ya polisi, na Inspekta Jenerali anaweza kukiagiza kuchunguza.

Nje ya polisi ipo mamlaka ya kiraia, IPOA, iliyoundwa kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo. Miongoni mwa mamlaka iliyopewa ni kuuchukua uchunguzi wa ndani uliocheleweshwa kupita kiasi, au unaoendeshwa kwa namna isiyo na mantiki.