Filamu za Daraja B: Uhaba Uliozaa Sanaa na Matoleo Mapya Yaliyoipoteza

Filamu za daraja B zilizaliwa Marekani katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Watu walipopungukiwa na fedha, kumbi za sinema zilianza kubaki tupu, na wenye kumbi wakabuni njia ya kuwarudisha wateja: tiketi moja, filamu mbili. Filamu kubwa yenye waigizaji mashuhuri iliitwa A. Ile ya kuisindikiza, fupi na ya gharama nafuu, iliitwa B. Kufikia katikati ya muongo huo, kumbi nyingi za nchi hiyo zilikuwa zikifuata utaratibu huu.

Sura ya filamu hizi iliamuliwa na namna zilivyolipiwa. Kampuni za Hollywood zilikodisha filamu ya A kwa asilimia ya mapato ya mlangoni, lakini ya B zilikodisha kwa bei moja isiyobadilika. Mtayarishaji wa filamu ya B alijua kiasi atakachoingiza kabla kamera haijawashwa. Hata watazamaji wangeipenda vipi, hakupata senti ya ziada. Faida yake ilitoka kwenye kubana matumizi tu. Ndiyo maana nyingi zilikuwa na urefu wa dakika 60 hadi 75, zilipigwa kwa siku chache, na zilitumia tena nguo na majengo ya filamu nyingine. Kampuni ndogo kama Monogram, Republic na PRC ziliishi kwa kazi hiyo. John Wayne alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1930 akiigiza filamu za bei rahisi za wachunga ng'ombe, kabla ya Stagecoach ya mwaka 1939 kumpandisha daraja.

Hesabu hiyo hiyo ilileta uhuru. Kwa kuwa fedha zilizowekwa zilikuwa ndogo, wakubwa wa kampuni hawakushughulika sana na kilichomo ndani ya filamu ilimradi ikamilike kwa wakati. Mwongozaji mwenye kipaji aliweza kujaribu mambo ambayo filamu ya A isingeruhusiwa kuyagusa. Edgar G. Ulmer, alipoiongoza Detour kwa ajili ya PRC mwaka 1945, hakuwa na fedha za kujenga mtaa wa New York. Akajaza ukungu mbele ya kamera, na wapenzi wawili wakatembea ndani yake wakiongea. Ukungu ule ulificha uhaba, na papo hapo ukasema jambo kuhusu watu wasiojua waendako.

Mfano ulio wazi zaidi ni Cat People ya mwaka 1942. Kampuni ya RKO, iliyokuwa imetikiswa na hasara, ilimkabidhi Val Lewton kitengo kidogo cha filamu za kutisha kwa masharti matatu: kila filamu igharimu chini ya dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina lake lichaguliwe na wakubwa. Jina la kwanza alilopewa lilikuwa hilo la Cat People, yaani watu paka. Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walitunga kisa cha Irena, mwanamke wa Kiserbia anayeishi New York, anayeamini kwamba akishikwa na mapenzi au wivu atageuka chui mweusi. Ngazi za jengo analoishi zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya filamu nyingine, The Magnificent Ambersons. Fedha za kumwonyesha mtu akigeuka mnyama kwa namna ya kuaminika hazikuwepo, kwa hiyo badiliko lenyewe wakalificha.

Katika tukio linalokumbukwa zaidi, Alice, mwanamke ambaye Irena anamwonea wivu, anatembea peke yake usiku kando ya ukuta wa bustani. Zinasikika hatua za viatu vyake, na nyuma yake hatua za Irena. Kisha zile za nyuma zinanyamaza. Alice anageuka, haoni mtu, anakaza mwendo karibu kukimbia. Ghafla unasikika mlio mkali kama mngurumo, kumbe ni basi linafunga breki mbele yake. Hakuna chui aliyeonekana wala tone la damu, lakini mtazamaji ameshashtuka kitini. Filamu hiyo iliiletea RKO faida kubwa, na namna hiyo ya kumtia mtu hofu kwa sauti na kivuli ikawa somo kwa waongozaji wa vizazi vilivyofuata.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya kampuni kubwa za Hollywood, ikiwamo Paramount. Ziliacha kuwalazimisha wenye kumbi kununua filamu kwa mafungu, na zikatakiwa kuachana na kumbi zao. Soko la uhakika la filamu ya B likavunjika. Wakati huo huo televisheni ilikuwa ikiingia majumbani na kuwabakiza watu wazima sebuleni. Waliobaki sinema walikuwa vijana, hasa katika sinema za wazi ambazo watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Ya kwanza ilifunguliwa Camden, New Jersey, mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na zaidi ya 4,000. Aina hiyo ya sinema ilifika hata Nairobi na Dar es Salaam, ambako ile ya Msasani ilikumbukwa na wakazi wa jiji muda mrefu baada ya kufungwa.

James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff, waanzilishi wa kampuni ya American International Pictures, waliwaelewa vijana hao. Mara nyingi walianza na jina na bango. Kama bango liliwavutia wenye kumbi, ndipo filamu ilipotengenezwa. Mtu wao mkuu alikuwa Roger Corman. Katika The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960, Corman alitumia seti iliyobaki ya filamu nyingine na kupiga sehemu kubwa ya picha zake kwa siku mbili, kwa gharama ya takriban dola 30,000. Ni kisa cha mfanyakazi wa duka la maua na mmea unaokula watu. Mikononi mwa Corman walianzia au kupitia Francis Ford Coppola, Martin Scorsese, Jonathan Demme, Ron Howard na James Cameron. Mwaka 2009 alitunukiwa Oscar ya heshima.

Filamu nyingine zilitoka mbali kabisa na Hollywood. Herk Harvey alikuwa mwongozaji wa filamu za elimu na za viwandani mjini Lawrence, Kansas. Akiwa safarini kupitia Utah aliliona Saltair, jumba la starehe lililotelekezwa kando ya Ziwa la Chumvi, na kutokana na jumba hilo akapata wazo la Carnival of Souls, iliyotoka mwaka 1962. Ndani yake mwanamke mpiga kinanda cha kanisani anaibuka peke yake mtoni baada ya gari kutumbukia, kisha anaanza kuandamwa na mtu mwenye uso mweupe ambaye wengine hawamwoni. Uigizaji una sehemu zilizokakamaa na sauti haioani vizuri na midomo. Kasoro hizo zinafaa: mtazamaji anahisi, kama mwanamke yule, kwamba kuna kitu hakiko sawa duniani.

Miaka sita baadaye, kikundi cha watengeneza matangazo wa Pittsburgh kikiongozwa na George A. Romero kilitengeneza Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na nyumba ya shambani iliyotumika ilikuwa inasubiri kubomolewa. Picha nyeusi na nyeupe, zilizochukuliwa harakaharaka, ziliifanya ifanane na taarifa ya habari. Duane Jones, mwigizaji mweusi, ndiye steringi, na mswada haugusi rangi yake popote. Watazamaji waliozoea kuwa steringi hafi walimwona Ben, mhusika wake, akivuka usiku mzima wa mapambano na wafu, halafu asubuhi anapigwa risasi na kundi la wazungu wenye bunduki waliomdhania maiti anayetembea. Filamu ilitoka Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa kinachosemwa.

Ushabiki wa kudumu ulikuja baadaye, kwa njia ambazo watengenezaji hawakuzipanga. Vituo vya televisheni vilihitaji filamu za bei rahisi za kujaza saa za usiku wa manane, na watoto waliokesha wakazikariri. Msambazaji alipoipa filamu ya Romero jina jipya aliondoa pia tamko la hakimiliki, na kwa sheria ya wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Waliohangaika kuitengeneza walipoteza mapato makubwa, lakini kila kituo na kila mtoa kanda za video aliweza kuirusha au kuinakili, ikaenea duniani kote. Mjini New York, ukumbi wa Elgin ulianza kuonyesha filamu ya El Topo saa sita usiku mwaka 1970. Mwaka 1976 ukumbi wa Waverly ulifanya hivyo kwa The Rocky Horror Picture Show, na watazamaji wakaanza kuja wamevaa kama wahusika na kuijibu skrini kwa sauti. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, ambayo mwigizaji wake Bela Lugosi alifariki kabla filamu haijaanza kupigwa rasmi na nafasi yake ikachukuliwa na mtu aliyejifunika uso kwa joho, iliitwa filamu mbaya kuliko zote mwaka 1980. Sifa hiyo iliwaleta watazamaji wapya, na wengi wao wakakuta ndani yake mtu aliyeipenda sinema kwa moyo wote.

Afrika Mashariki ilikuwa na mkondo wake wa mapenzi haya. Katika vibanda vya video, watu walijazana mbele ya televisheni moja kutazama kung fu za Hong Kong na filamu za mapambano za Marekani katika lugha ambazo wengi hawakuzijua. Hapo akatokea mfasiri anayesimulia juu ya picha: Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na maVJ wa Kampala. Msimulizi alitafsiri, alitania, aliwapa wahusika majina ya mtaani na kuwaonya watazamaji kuhusu hatari inayokuja. Utamaduni huo ulizaa sinema yake. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapambano iliyogharimu chini ya dola 200, yenye bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu na helikopta za kompyuta. Sauti ya VJ Emmie inayosifu na kuchekesha ni sehemu ya filamu yenyewe, na mashabiki wake wako kila bara.

Kampuni kubwa zilipoona umaarufu huu, zilianza kuzitengeneza upya filamu hizo. Jina lilishajulikana, kwa hiyo biashara ilionekana salama. Mwaka 1982 Paul Schrader aliirudia Cat People kwa rangi, kwa mamilioni ya dola, na kwa utaalamu wa kumwonyesha mtu akigeuka chui mbele ya macho. Tukio la basi limo, jingine la filamu ya kwanza, la bwawa la kuogelea, limo pia, na picha zake zinapendeza. Lakini swali lililomshikilia mtazamaji wa 1942, kama Irena ni mnyama kweli au ni mgonjwa wa hofu zake, limejibiwa, na hofu ikaondoka pamoja nalo. Carnival of Souls iliporudiwa mwaka 1998, fumbo la mtu mwenye uso mweupe lilipewa maelezo: mhalifu aliyevaa kama mwigizaji wa sarakasi, aliyemuua mama wa mhusika mkuu. Kisa kikaeleweka zaidi lakini kikapungua kutisha.

The Wicker Man ya Uingereza ilipata hasara ya aina nyingine. Ile ya 1973, iliyosambazwa kama filamu ya pili nyuma ya Don't Look Now, inamhusu sajenti wa polisi, Mkristo mwenye msimamo, anayekwenda kisiwa cha Scotland kumtafuta msichana aliyepotea na kuwakuta wakazi wakiabudu miungu ya kale. Ilipigwa vuli ingawa kisa ni cha Mei, hivyo maua ya bandia yalibandikwa mitini. Christopher Lee aliigiza bila malipo. Nguvu yake yote iko katika mgongano wa imani mbili zinazojiamini sawa. Toleo la 2006, lenye Nicolas Cage, liliondoa imani ya askari na kumpa mzio wa nyuki. Liligharimu takriban dola milioni 40, mapato ya kumbi hayakufikia kiasi hicho, na liliteuliwa mara tano kuwania tuzo za Golden Raspberry za filamu mbovu.

Hata hivyo, si kila toleo jipya lilianguka. The Fly ya David Cronenberg, ya mwaka 1986, ilichukua kutoka filamu ya 1958 wazo moja tu, la mwanasayansi aliyechanganyika na nzi, ikaligeuza kuwa kisa cha ugonjwa unaomla mtu huku mpenzi wake akitazama. The Little Shop of Horrors ilipitia jukwaani mwaka 1982 kama tamthilia ya muziki, kisha ikawa filamu mpya mwaka 1986, na nyimbo zilizipa kazi hizo uhai wao wenyewe. Waliofaulu walikuwa na jambo jipya la kusema. Walioshindwa walidhani kwamba filamu ya zamani ilipungukiwa na fedha tu, wakajaza kila pengo, na mapengo hayo ndiyo yaliyokuwa kazi ya mtazamaji.

Thamani ya filamu hizi sasa inatambuliwa rasmi. Maktaba ya Bunge la Marekani, inayohifadhi filamu zenye umuhimu kwa taifa, iliiingiza Detour katika orodha yake mwaka 1992, Cat People ya Lewton mwaka 1993, na Night of the Living Dead mwaka 1999.