Kushusha Gari: Kutoka Mifuko ya Saruji ya Los Angeles Mpaka Lami ya Fukayosi

Simama Fukayosi jioni, pembeni ya barabara ya Bagamoyo–Msata, uangalie magari. Malori yanapita, pikapu zinapita zimejaa mananasi ya Kiwangwa. Halafu kinakuja kigari kidogo, IST au Vitz, kimelala chini mpaka tairi zimemezwa na bodi. Vijana wanapiga mluzi. Mzee mmoja anatikisa kichwa: "Sasa hilo tuta la mbele atalipitaje?"

Swali la mzee lina historia ndefu kuliko anavyodhani.

Huku kwetu fasheni ilikuwa kunyanyua

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, kusherehekea kutawazwa kwa malkia mpya wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sehemu kubwa ilikuwa vumbi na tope. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikashinda tena mfululizo 1966 hadi 1968. Datsun ikatesa kuanzia 1979 hadi 1982. Watu walijionea wenyewe: gari la maana ni lile lililosimama juu, lenye springi ndefu zinazomeza mashimo.

Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vigari vilivyotumika Japani vikaanza kumiminika. Vilitengenezwa kwa lami laini. Vikifika hapa vinakutana na makorongo, na wengi wakakimbilia gereji kuwekewa spesa ili vinyanyuke. Barabara ya kwenda Msata nayo haikuwa ya kuchezea kabla haijawekwa lami. Ndo maana kwa mzee wa Fukayosi, mtu anayelipa hela gari lishuke anaonekana kama kachanganyikiwa.

Wenzetu walianza na mifuko

Kushusha gari kulipata umaarufu Los Angeles baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walinunua magari ya mitumba, wakajaza mifuko ya mchanga au saruji kwenye buti ili nyuma ilale. Wengine walikata springi. Wakati matajiri wanashindana kwa kasi, wao walitembea taratibu ili waonekane. Ulikuwa ni mkwara wa watu waliodharauliwa.

Serikali haikupenda. Kuanzia 1958 sheria ya California ilikataza gari ambalo sehemu yoyote ya bodi iko chini kuliko ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa huko akaifungia Corvette yake pampu za mafuta zilizotolewa kwenye ndege. Akiona polisi, anabonyeza swichi, gari linapanda. Wakipita, linashuka. Jimbo hilo lilikuja kuondoa vikwazo vya aina hiyo kuanzia Januari 2024, baada ya zaidi ya miaka 60.

Msumeno au springi mpya?

Fikiria sasa kijana wa Fukayosi mwenye kigari cha nyumbani. Asubuhi kinabeba matenga ya mama yake, jioni anataka kutokea nacho Bagamoyo. Hela ni ndogo.

"Fundi, kata mzunguko mmoja tu."

"Mdogo wangu, kukata ni dakika tano. Kurudisha haiwezekani."

Fundi ana hoja. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa 1, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, huku nafasi ya kucheza ikipungua. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia shimoni springi inaweza kuchomoka. Kuichoma kwa gesi ili ilale ni noma zaidi, kwa sababu moto unaua ugumu wa chuma na springi itaendelea kulala yenyewe.

Springi fupi ya dukani, yenye namba ya gari hilohilo, imepigiwa hesabu. Ni fupi lakini ngumu zaidi, ili gari lisigonge chini likijaa. Kushuka sentimita 2 au 3 kunatosha kuonekana. Zaidi ya hapo shokapu za kawaida zinafanya kazi zikiwa zimebanwa na zinakufa mapema. Wapo wanaochagua springi ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja: inaanza laini, inakuwa ngumu mzigo ukiongezeka. Kwa gari linalobeba matenga, hiyo ina akili. Zinabadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, kisha magurudumu yanapimwa upya, la sivyo tairi italiwa upande mmoja.

Mifuko ya saruji ya Los Angeles ilikuwa na faida moja: ukiitoa, gari linarudi lilivyokuwa. Springi ya zamani ikihifadhiwa stoo nayo inarudi. Iliyokatwa hairudi, na mvua zikija, njia ya kuingia shambani haijali nani alipigiwa mluzi. Atakayekwama pale na matenga ni mama.

Haya wadau, ingekuwa gari lenu, mngelishusha, mngeliacha au mngelinyanyua? Na la mama je?