Nani Akabidhiwe Daftari la Afya?

Kila taasisi ya afya ya Serikali inapotangaza nafasi ya Mkurugenzi wa TEHAMA, tangazo hufanana na lile lililotangulia. Mwombaji awe na shahada ya uzamili, awe na uzoefu wa uongozi wa miaka kadhaa, awe anafahamu hifadhidata, mitandao na usalama wake, na awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachokusudia kuonesha hapa ni kwamba historia yetu, na hasa historia ya nchi ya Nachingwea na Ruangwa, inadai sifa mbili ambazo ni nadra kuziona katika matangazo hayo: mteule ajue takwimu ya afya inazaliwa wapi, na ofisi yake iwe na mamlaka ya kuitetea.

Jambo hili si dogo. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, huamua dawa ziende wapi kwa kufuata maombi na takwimu za matumizi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotokana na sheria ya mwaka 1999, humtambua mwanachama na kuvilipa vituo kwa njia ya kumbukumbu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelifanya daftari hilo kuwa la kila mwananchi. Anayelisimamia hagusi mgonjwa hata mmoja, lakini kosa lake humfikia mama wa Kiegei kabla ya kosa la daktari.

Tuanze na somo la kale. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliwatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, kuja Tanganyika kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine. Uchunguzi wao ulichukua wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Kutokana na ripoti yao ukazaliwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa kwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, na uongozi wa huku ukapewa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Walioajiriwa chini yake wengi walikuwa askari waliotoka vitani.

Wasifu wa watu hao haukuwa na dosari. Walikuwa wamejenga madaraja na kuhamisha majeshi. Lakini kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa haba, na udongo wake uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi. Wenyeji waliokuwa wakilima hapo walijua tabia ya mvua ile, ila ujuzi wao haukuwa na nafasi katika muundo wa shirika. Nachingwea ilikuwa na mvua nzuri zaidi, lakini reli na bandari ya kuihudumia vilichelewa. Januari 1951 mpango ukaachwa, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Katika miaka ya 1960 hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa.

Somo la pili ni letu wenyewe, wala hatuwezi kumsingizia mkoloni. Katikati ya miaka ya 1960 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza ya Serikali. Miaka michache baadaye, uhasibu wa Serikali ulipohamishiwa kwenye mashine, mahesabu yalivurugika. Mitambo na wataalamu wake vilitoka nje, na Watanzania waliofunzwa kuisimamia walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu.

Wanafunzi wangu hulicheka katazo hilo wanapolisoma kwa mara ya kwanza. Naona wanalicheka upesi mno. Katazo lile liligharimu kizazi kizima cha wataalamu, hilo ni kweli. Lakini lilikuwa jibu la Serikali iliyogundua kwamba imekabidhi vitabu vyake kwa mfumo ambao hakuna ofisa wake aliyeweza kuuhoji. Dawa yake ilikuwa mbaya, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli, na bado tunao. Taasisi inayonunua mfumo, kisha ikashindwa kuurekebisha bila kumpigia simu mkandarasi, imerudi mwaka 1973 ikiwa na skrini nzuri zaidi.

Sasa tuingie katika afya yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila msomaji aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ameviona vitabu vyake. Muuguzi huandika mgonjwa mmoja mmoja, mwisho wa mwezi hujumlisha kwa mkono, na jumla hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Baadaye jumla hizo zilianza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kusambazwa nchini kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kielelezo kizuri tunachokiona kwenye skrini ya Dodoma kina mzazi: muuguzi mmoja na kalamu yake, mwisho wa mwezi, foleni ikimsubiri.

Lakini kitabu cha zahanati kina upofu mmoja wa asili. Kinamhesabu aliyefika. Mama aliyetokwa na damu akafia nyumbani, au njiani akiwa amebebwa kwa baiskeli, hamo kitabuni. Mfumo wowote unaojengwa juu ya kitabu hicho huurithi upofu wake, hata ungenunuliwa kwa mabilioni.

Upofu huo ulikwisha kuangazwa, na ulianza kuangazwa hukuhuku Kusini. Mwaka 2004 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walifanya utafiti wa kaya katika wilaya tano: Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba. Wadodosaji hawakubeba makaratasi. Walibeba kompyuta ndogo za kiganjani, mlango kwa mlango, katika kaya zaidi ya 20,000. Mashine ilikataa jibu lisilowezekana palepale, mhojiwa akiwa bado ameketi mbele ya mdodosaji. Vijiji ambavyo havikuwa na umeme vilikuwa na takwimu za kidijitali kabla ya ofisi nyingi za umma kuwa nazo.

Mwaka 2007 ikafuata sensa ya kaya katika wilaya hizohizo tano. Uchambuzi wake, uliohusu kaya 226,000 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba vifo vinavyotokana moja kwa moja na matatizo ya uzazi vilikuwa karibu mara nne zaidi kwa wanawake wanaoishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali, wakilinganishwa na wale wanaoishi ndani ya kilomita 5. Hakuna kitabu cha zahanati ambacho kingeweza kusema hivyo peke yake. Ilibidi mtu ajue kwamba waliokosekana vitabuni ndio habari yenyewe, kisha apange safari ya kuwatafuta.

Mtu wa namna hiyo ndiye tunayepaswa kumwajiri. Kazi ile haikufanikiwa kwa sababu ya vifaa, kwani vifaa vyenyewe leo ni vya makumbusho. Ilifanikiwa kwa sababu walioibuni walianza na swali la afya, wakachagua mashine baada ya swali, na wakaijaribu mikononi mwa wadodosaji waliopaswa kuitumia juani.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa watumishi wenzangu wa umma: kwamba tatizo letu ni mishahara, na kwamba mabingwa wa TEHAMA huchukuliwa na benki na kampuni za simu. Hoja hiyo ina uzito. Mtaalamu anayelinda kumbukumbu za mamilioni ya wagonjwa hapaswi kulipwa kama karani wa masijala. Hata hivyo, fedha peke yake haitoshi, na Uingereza imekwisha kulipia ushahidi huo. Mwaka 2002 ilimwajiri Richard Granger, kutoka kampuni ya ushauri ya Deloitte, kuongoza mpango wa taifa wa TEHAMA wa huduma yake ya afya. Alikuwa na sifa ya kuufanikisha mradi wa tozo ya magari katikati ya London. Alilipwa takribani pauni 250,000 kwa mwaka, akatajwa kuwa mtumishi wa umma anayelipwa zaidi nchini humo. Mikataba mikubwa ilisainiwa kwa kasi ya ajabu, na madaktari na wauguzi wengi wakalalamika kwamba hawakuulizwa wanachohitaji. Granger aliondoka mwaka 2008. Mwaka 2011 Serikali ikatangaza kuuvunja mpango, na baadaye Bunge likaelezwa kwamba gharama inakaribia pauni bilioni 10.

Harrison na Granger wametenganishwa na zaidi ya nusu karne, lakini kilichowaponza ni kimoja. Wote wawili waliajiriwa kwa ushahidi wa kazi ya aina nyingine, wakapewa amri nyingi na masikio machache. Waliowaajiri hawakuwauliza nani atawaambia ukweli kutoka chini.

Kwa hiyo nawapendekezea wanaoketi kwenye paneli za usaili, iwe katika bodi za taasisi au katika Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mambo manne.

La kwanza, mwombaji aliyefika hatua ya mwisho apelekwe zahanati ya kijijini kwa siku mbili kabla ya usaili. Akirudi aeleze safari ya takwimu moja tu, tuseme idadi ya waliojifungua, kutoka kitabuni hadi wizarani, na aoneshe inapotelea wapi. Anayeweza kulieleza hilo atajifunza programu yoyote. Asiyeweza, vyeti vyake havitamsaidia muuguzi.

La pili, aulizwe atakataa nini. Kwa miaka mingi kila mradi wa wafadhili, uwe wa malaria, wa UKIMWI au wa chanjo, umekuja na fomu zake na mfumo wake, na mzigo wote umeishia mezani pa muuguzi yuleyule. Mkurugenzi asiyeweza kumwambia mfadhili "hapana" ataongeza mfumo mwingine na kuuita mageuzi.

La tatu, aeleze taasisi itakuwaje siku akiondoka. Nywila, mikataba, na haki ya kuufungua na kuurekebisha mfumo ni mali ya umma. Kiongozi bora wa idara hii hupimwa kwa vijana wa Kitanzania aliowaacha wakiijua kazi.

La nne halimhusu mwombaji, linatuhusu sisi. Mkurugenzi huyu aripoti moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi, na awe na kiti katika menejimenti. Tukimweka chini ya manunuzi atakuwa mnunuzi, tukimweka chini ya utawala atakuwa fundi wa printa. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda siri za mgonjwa, awe na nguvu ya kumzuia hata mkubwa anayezitaka bila sababu ya kisheria.

Wanafunzi na wanaharakati nao wana kazi. Tumezoea kuhoji uteuzi wa mawaziri na wakuu wa mikoa, huku nafasi kama hii ikijazwa bila hata mmoja wetu kuuliza mteule anaijua zahanati gani. Tuanze kuuliza. Kilomita 35 za barabara ya Nachingwea hazitafupishwa na kompyuta, lakini anayesimamia daftari ndiye atakayeamua kama anayeishi mwisho wa barabara hiyo anahesabiwa, au anaendelea kufa nje ya takwimu.